Kidonge cha Watu Wawili

Asubuhi hiyo fundi cherehani alikata kidonge kama alivyozoea, juu ya meza ya cherehani, kwa wembe ule ule wa kufumulia mishono. Nusu moja akaimeza kwa maji. Nusu ya pili akaibeba kiganjani mpaka chumbani kwa wifi yake, akamkuta bado amelala, uso umeelekea ukutani.

"Wifi, amka umeze."

"Iweke hapo kwenye kiti."

Sauti ilikuwa ya mtu asiyetaka kugeuka. Fundi alishangaa. Wifi yake alikuwa msusi, na wateja wa kusuka hawangoji jua lipande. Kwa kawaida saa hizo angekuwa keshakaa barazani na kichwa cha mtu katikati ya magoti. Akavuta pazia. Mwanga ulipomwangukia mgonjwa usoni, fundi alidhani ni rangi ya pazia, kwa kuwa lilikuwa la manjano. Akalifungua lote. Pazia likaenda pembeni, umanjano ukabaki machoni.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto, wifi. Tangu lini macho yako yako hivyo?"

Wifi akaeleza vile vile akiutazama ukuta, kama mtu anayekiri kuvunja sahani ya watu. Chakula kilikuwa kimemkinai siku nyingi. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Mwili ulimwasha, akawa anajikuna kwa kitana polepole asimwamshe mwenzake chumba cha pili. Alidhani ni joto. Kisha akadhani ni uchovu. Kisha akaacha kudhani, akawa anavaa miwani ya jua hata jikoni, na fundi alipomcheka alijibu kwamba msusi lazima aonekane mtu wa mjini, la sivyo nani atampa kichwa chake.

Fundi akaitazama ile nusu kiganjani. Hakuiweka kwenye kiti. Aliirudisha kwenye kichupa, akakaza kifuniko mpaka kikagoma.

"Vaa," akasema. "Tunakwenda hospitali."

"Na zile sare? Si leo unamalizia?"

"Sare hazifi. Vaa."

*

Kidonge hicho hakikununuliwa dukani. Kilitoka kwenye jengo la utafiti, ubavuni mwa hospitali, ambako dawa mpya ya viungo ilikuwa inajaribiwa kwa watu. Mawifi hawa wawili waliugua ugonjwa mmoja. Vidole vilivimba kwenye vifundo, na asubuhi vilikakamaa hata kufunga kifungo kukawa kazi ya kuomba msaada. Mmoja alikula kwa sindano, mwingine alikula kwa kitana. Vidole vikifa, jiko nalo limekufa. Wakaenda pamoja kujiandikisha, wamevaa nguo zao za ibada, kama wanaokwenda kuchumbiwa.

Daktari mkuu wa utafiti, mama wa makamo anayevaa raba kwa sababu ya magoti, aliwakalisha wote akawaeleza bila haraka. Dawa hii tunatumaini inafaa, alisema, lakini kutumaini si kujua. Ili tujue, watu watagawanywa mafungu mawili kwa kura, na kura yenyewe inapigwa na kompyuta iliyo mbali. Fungu moja litapewa dawa. Fungu la pili litapewa kidonge cha sura hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo, ila ndani hakina dawa. Nani amepata kipi, mgonjwa hajui, na mimi daktari sijui. Moyo wa mtu una nguvu: akijua amepewa dawa, hupata nafuu hata isiyokuwapo, na daktari akijua, huona anachotaka kukiona. Mwisho wa kazi ndipo siri itafunguliwa, mafungu yalinganishwe.

Mfuaji nguo mmoja, mwanamke asiyeogopa kusema, aliuliza kama maana yake ni kwamba wengine wao watadanganywa. Daktari akamjibu kwamba anayedanganywa haambiwi mapema. Wao wanaambiwa leo. Asiyetaka aondoke, na atakayechoka kesho aondoke vile vile, hataulizwa sababu, na hospitali itamtibu kama inavyomtibu kila mtu. Na atakayeacha vidonge bado anaweza kuja kutazamwa mpaka mwisho wa kazi. Tangu siku hiyo fundi viatu, aliyekuwa mchekeshaji wa benchi lile, akawa anakiita kidonge kile chaki. "Umemeza chaki yako leo?" ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Baada ya vipimo vya damu, msaidizi wa utafiti alitoka kutangaza waliochaguliwa. Watu walimpa jina la Kalamu, kwa sababu hakuonekana bila kalamu nyuma ya sikio. Hakuwa mtu mbaya, ila aliwasemesha watu kama anayesoma namba za foleni. "Wewe unafaa," akamwambia fundi. Kisha akamgeukia msusi. "Wewe mama hufai. Ingia chumba kile ukaelezwe." Alisema mbele ya benchi zima. Msusi akaingia, akakaa humo kitambo, akatoka anacheka.

"Wamesemaje?" fundi akamuuliza.

"Wamesema sifai, basi. Kumbe hata kwenye ugonjwa kuna kufeli mtihani."

Njia nzima alifanya mzaha juu ya jambo hilo, na fundi hakuchimba zaidi. Mdomo ulikuwa unacheka lakini shingo ilikuwa imekaza, na mtu wa namna hiyo ukimuuliza unamvua nguo.

Nyumba yao ilikuwa na sheria iliyoachwa na marehemu mama mkwe: kinachoingia mlangoni kina nusu mbili. Chungwa, kipande cha sabuni, zawadi ya mgeni, vyote vilipita kwenye kisu. Fundi alipofiwa na mumewe, wifi, ambaye alikuwa ameachika, alikuja na kitanda chake, na hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani. Basi kidonge cha kwanza kilipoingia, mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye wembe.

"Waliokukataa mlangoni," akasema, "mimi nakupitisha dirishani."

Wifi alikataa. Akakataa tena. Mpaka asubuhi moja kitana kilimponyoka mbele ya mteja, akaingia ndani akafumbua mdomo. Ikawa ndiyo desturi yao. "Wifi, lete chaki yetu," msusi angesema. "Si chaki," fundi angejibu, na kumwonyesha jinsi anavyotunga uzi bila kuulamba mara mbili. "Ni dawa, na nusu yake inanitosha. Mungu ndiye ajazaye kilichopungua."

Kupenda nako kuna upofu wake.

*

Daktari wa wodi alikuwa kijana, koti lake lina doa la chai, macho ya mtu aliyesahau kulala. Alimbonyeza msusi chini ya mbavu za kulia, msusi akauma midomo. Akamuuliza amekuwa akimeza nini. Dawa za maumivu tu, msusi akasema, hizi za dukani. Mitishamba? Hapana. Kitu kingine chochote? Msusi akatazama dari, fundi akatazama viatu vya daktari.

Mashine ya picha ya tumbo ilikuwa imeharibika na mtengenezaji wake alikuwa bado anangojwa, kwa hiyo daktari alikuwa anapima kwa vidole na kwa akili. Alisema njia ya nyongo huenda imezibwa na jiwe. Alikuwa ameshazungumza na daktari wa upasuaji. Asubuhi mgonjwa angepasuliwa. "Kama kuna jambo jingine, ni sasa," akaongeza, kisha akahamia kitanda cha pili.

Fundi alijua tangu utotoni kwamba uongo ni dhambi. Hakuwa amejua kwamba kunyamaza nako kuna uzito, uzito wa gunia linaloingia maji. Alivikunja vidole vyake, vikakunjika vizuri. Akisema, kichupa kitachukuliwa na vidole hivi vitarudi kuwa kuni. Asiposema, kisu kitamwingia wifi yake kikitafuta jiwe ambalo pengine halipo. Mlangoni alikuwa ameingia shemeji yake, ndugu wa msusi, mlinzi wa ghala, bado na sare na rungu kiunoni. Alikuwa mtu wa maneno machache na hukumu nyingi. Fundi alimwona, akatamani angechelewa kidogo.

"Daktari," akaita. "Rudi."

Daktari akarudi.

"Kuna kidonge. Cha utafiti, cha jengo la pili. Ni changu mimi. Nilikuwa namkatia nusu kila siku."

Shemeji hakupandisha sauti. "Umemlisha dada yangu dawa ya majaribio?"

"Alinilisha?" Msusi akajiinua kwa kiwiko. "Mimi nina meno, kaka. Nilimeza mwenyewe."

Akaegemea mto. Kisha akayasema yaliyobaki, taratibu, na safari hii hakutazama ukuta. Mle chumbani, kwenye jengo la utafiti, walimweleza. Ini lake lina ugonjwa wa siku nyingi, umelala. Dawa ile hupoza viungo kwa kuwatuliza askari wa mwili, na askari wakisinzia, ugonjwa ule wa ini unaweza kuamka. Ndiyo maana walimzuia, na walimwambia aje hospitali hii aanze matibabu ya ini lenyewe. Hakuja.

"Na hukuniambia," fundi akasema.

"Ningekwambia ungeacha kukata."

 Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa alijifanya amelala.

"Niliona vidole vyako vinafunguka, wifi," msusi akamalizia. "Nikasema na vyangu je?"

Daktari wa wodi hakugomba. Hakuwa na muda wa kugomba. Akawaeleza kama mtu anayeonyesha njia panda. Ikiwa fundi alikuwa fungu la dawa, basi ini limeamshwa: mgonjwa aanze dawa ya ini leo hii, na kisu kikae mbali, kwa sababu damu ya mtu wa ini haigandi upesi na angeweza kuwafia kwenye meza ya upasuaji. Ikiwa alikuwa fungu la vidonge vitupu, basi jiwe la nyongo linabaki kuwa mbele ya yote, na kuchelewa kupasua kunaua. Damu ikipimwa itamwonyesha kwamba ini linaumia. Haitamwonyesha linaumia kwa sababu gani.

"Nenda kwao," akamwambia fundi. "Nataka neno moja. Dawa, au si dawa."

Shemeji akavuta kiti akaketi kichwani kwa dada yake, rungu akaliweka juu ya magoti. "Nenda, shemeji," akasema. "Na usirudi mikono mitupu. Dada yangu akifa, mimi na wewe hatutakuwa na la kuzungumza."

*

Kalamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamvuta kwenye kona ya pipa la maji ya kunywa. Alizungumza chini chini. Kwanza, huyo wifi si mshiriki wao. Siri ya kidonge hufunguliwa kwa ajili ya mshiriki aliye hatarini, si kwa kila jirani. Pili, ikijulikana alikuwa anagawa, atatolewa. Tatu, na hapa akatazama nyuma yake, yeye Kalamu ndiye aliyekuwa akiandika kila siku ya kliniki kwamba mama huyu amemeza vyote.

"Sikiliza, mama, nikusaidie," akasema, na kweli alidhani anasaidia. "Wewe hukusema kitu, mimi sikusikia kitu. Umemeza vyote. Wifi yako wapo madaktari watamwona."

"Kila nikija unaniuliza, 'Umemeza vyote, eti?' Na unaandika kabla sijafumbua mdomo."

"Kwa sababu unasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo. Uongo huo ni wangu, nitaujibu kwa Mungu wangu. Wa leo sitausema."

"Basi nenda nyumbani, mama."

"Siendi."

Akageuka akaketi katikati ya benchi, mkoba juu ya mapaja. Ilikuwa siku ya kliniki na benchi lilikuwa limejaa wale wale: fundi viatu, mfuaji, dereva mstaafu mwenye kofia, na wengine. Fundi hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kuazimwa mkasi.

"Jamani, mimi kidonge changu nimekuwa nakigawa na wifi yangu. Sasa yuko wodini, macho manjano, na asubuhi watampasua. Nataka kujua nilimpa nini. Hawataki kuniambia, kwa hiyo sitoki hapa. Nimeona mjue kwa nini nawabania nafasi."

 Watu wakatazama kila mmoja viatu vyake. Wa kwanza kukohoa alikuwa fundi viatu.

"Mimi siku ya maumivu nameza viwili," akasema. "Siku ya nafuu simezi. Naweka akiba."

"Mama yangu mzazi ana vidole kama tangawizi," mfuaji akasema. "Mlitaka nimeze yeye ananitazama? Namgawia, ndiyo. Niko hapa."

Dereva mstaafu akavua kofia. "Mimi sijameza hata kimoja. Naogopa. Nafuata hii nauli wanayotupa." Benchi likacheka, naye akacheka, kisha akaonekana kama mtu aliyejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza, akairudisha kofia kichwani.

Kalamu alikuwa amesimama mlangoni. Kalamu yake ilimponyoka sikioni ikaviringika mpaka chini ya benchi, na katika benchi lile hapakuwa na mtu mwenye vidole vya kuiokota. Akaita anayefuata aingie kutolewa damu. Anayefuata alikuwa mfuaji. Mfuaji akajisogeza karibu zaidi na fundi, akakunja mikono.

"Nitaingia akishajibiwa huyu."

Akaita wa baada yake. Wa baada yake naye alikuwa ameketi vizuri.

*

Daktari mkuu alitolewa ofisini na ukimya, maana siku za kliniki hakukuwa na ukimya. Alisimuliwa akiwa amesimama, kisha magoti yakamshinda akaketi mwisho wa benchi, wagonjwa wakabanana kumpa nafasi kama mwenzao. Alipozungumza hakumtazama mtu mmoja.

"Kidonge hakijui kwamba mnapendana," akasema. "Mtu akimeza nusu, mimi naona nafuu nusu, nasema dawa ni dhaifu, naitupa. Kumbe ilikuwa nzuri. Mtu asiyemeza akipona kwa riziki yake, nasema dawa imemponya, na kesho wanapewa watoto wa watu. Na wale tuliowazuia, hatukuwazuia kwa ubahili. Tuliwazuia wasife."

"Mlimwambia hafai," fundi akasema.

"Tulimweleza sababu zote, mama."

"Chumbani mlimweleza. Barazani, mbele ya watu, mlimwambia hafai. Alichobeba kwenda nacho nyumbani ni kile cha barazani."

Daktari mkuu akamtazama Kalamu. Kalamu akatazama chini ya benchi, ilikokuwa kalamu yake.

"Makosa yangu nimeyasema," fundi akaendelea. "Sijaja kujitetea. Nimekuja mfungue siri yangu. Mimi ni mshiriki, si jirani. Fungueni."

"Ikifunguliwa huwezi kurudi kwenye vidonge. Ikiwa ulikuwa kwenye dawa, ndiyo mwisho wa dawa kwako."

"Nimeelewa."

"Vidole vitakakamaa tena."

"Ni vyangu. Fungua."

Daktari akasugua goti. Akasema, kama anayejisemea, kwamba mwongozo unaruhusu kufungua kwa ajili ya mtu aliye hatarini kwa sababu ya kidonge chao, na hakuna aliyefikiria kuandika kwamba lazima awe amekimeza kwa ruhusa. Wakubwa wake wangeuliza. Akasema atawajibu yeye. Akatoa simu, akaenda dirishani, akampigia mtu wa mbali aliyekuwa anashika siri za wote, akamtajia namba ya fundi.

Walimweka kwenye simu angoje. Benchi zima likangoja naye.

Miezi yote ile fundi alikuwa amebishana na dunia kwamba kidonge chake ni dawa. Alibishana na fundi viatu, na majirani, na wifi yake aliyekiita chaki. Alikuwa ameshukuru kwa ajili yake kila alipopiga magoti. Sasa alifumba macho, na kwa mara ya kwanza akaomba kinyume. Iwe chaki, Bwana. Iwe unga, iwe vumbi. Vidole hivi viwe vilijidanganya vyenyewe, watu wanicheke mpaka nife, lakini mkono wangu usiwe ndio uliomwamshia mauti. Akakumbuka kwamba ikiwa chaki, kisu kinabaki. Akaona hajui aombe nini, akamwachia mwenyewe ajuaye.

Daktari alishusha simu. "Ni dawa, mama."



Fundi alisimama. Alitoa kichupa mkobani, akakiweka benchini pale alipokuwa amekaa. "Asante," akasema, na akatoka akitembea upesi kwa kadiri viungo vilivyomruhusu. Wodini alimkuta shemeji yake vile vile, rungu magotini. Akampita, akaenda mpaka kwa daktari kijana, akampa lile neno moja.

*

Msusi hakupasuliwa. Alianza dawa ya ini jioni ile ile, na umanjano ukamtoka polepole, kama rangi ya kitambaa kibaya inavyotoka kila kikifuliwa. Kulikuwa na siku ambazo hakumtambua mtu. Kulikuwa na siku alizoomba kitana. Shemeji hakuwahi kuomba radhi wala kusema neno zuri, ila siku moja alikuja na chungwa, akalikata katikati kwa kisu chake cha kazini, akawapa kila mmoja nusu, akaenda kazini.

Vidole vya fundi vilifanya kama alivyoambiwa. Vilikakamaa mapema kuliko alivyotarajia. Mteja mmoja alikuja kuchukua vitambaa vyake, akieleza kwamba hana haraka, ila ana haraka kidogo. Fundi akamkunjia vizuri, akamfungia. Walipokuwa nyumbani wote wawili wakawa wanatunga uzi kwa mikono minne, mmoja ameshika sindano, mwingine anasukuma, na aliyekosea alitukanwa kwa upendo.

Siku ya kliniki ilipofika, msusi alikuwa anaweza kutembea. Wakavaa zile nguo za ibada.

Kalamu aliwaona wakiingia, akawaendea kwa upole ambao hakuwa nao zamani. "Mama, wewe si ulishatolewa?"

"Nimetolewa kwenye vidonge," fundi akajibu. "Daktari alisema siku ya kwanza kwamba mtatutazama mpaka mwisho, tukimeza tusimeze. Nimekuja kutazamwa. Na siku mtakayojua kama dawa ile inafaa, nitakuwepo hapa mniambie. Nililipa."

Kalamu akakubali kwa kichwa. "Na huyu?"

"Huyu ndiye mliyemwambia hafai."

Benchi likageuka. Mfuaji akasogea, fundi viatu akasogea, pakapatikana nafasi katikati. Msusi akaketi, akashusha miwani yake ya jua kwenye ncha ya pua, macho yake yakaonekana, meupe karibu yote.

"Nimekuja mwandike kilichonipata," akasema. "Kila kitu. Ili mwingine mwenye ini kama langu asipewe, wala asipitishwe dirishani na mtu anayempenda."

"Ni vizuri sana, mama," Kalamu akasema, na hakuwa anasoma namba. Akanyoosha mkono kuelekea chumba kile. "Karibu ndani, tutaongea."

"Siingii."

"Ni siri yako, mama. Humo ndimo—"

"Siri ni yangu, na mimi nimeitoa. Mlinikataa mbele ya watu hawa. Mtanisikiliza mbele ya watu hawa."

Kalamu alitazama kushoto na kulia akitafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa, na safari hii hakuna aliyesogea. Basi akachuchumaa sakafuni mbele ya magoti ya msusi, akatoa kalamu sikioni, akaiweka kwenye karatasi, na akangoja bila kuandika kitu mpaka mwanamke yule alipofumbua mdomo.